Karamu za Kiungwana: Antoine Watteau na Picha za Bustanini katika Ufaransa ya Karne ya 18

Katika historia ya uchoraji wa Ulaya ni nadra kukuta aina ya picha ambayo kutambuliwa kwake rasmi kunaweza kutajwa kwa siku, mwezi na mwaka, na kwa sababu hiyo picha zinazojulikana kwa Kifaransa kama fête galante, yaani karamu za kiungwana, zina nafasi ya pekee katika masimulizi ya historia hiyo. Picha hizo huonyesha wanawake na wanaume waliovaa hariri, wakiwa chini ya miti mikubwa au kando ya maji, wakizungumza, wakipiga gitaa, wakicheza dansi au wakiwa wamekaa tu bila shughuli, na mtazamaji anayetafuta kisa ndani yake, kama vile vita, muujiza au kifo cha shujaa, hatakiona. Zilistawi nchini Ufaransa kuanzia miaka ya 1710 hadi miaka ya 1770, katika kipindi cha mtindo ambao baadaye uliitwa rokoko, mtindo uliopenda mistari ya kupinda, rangi nyepesi na mapambo yenye sura ya makombe na miamba, na aliyezipa umbo lake kamili ni Antoine Watteau. Tangu karne hiyohiyo ya 18 wako wengi waliozihesabu kuwa anasa za matajiri zilizotiwa kwenye fremu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa karamu alizozichora Watteau hazikufanyika mahali popote: zilijengwa kipande kwa kipande kutoka katika madaftari ya michoro ya mtoto wa fundi, ambaye hakuzaliwa miongoni mwa watu wa aina aliyoionyesha wala hakuwahi kuwa mmoja wao.

Watteau alizaliwa mwaka 1684 katika mji wa Valenciennes, mji wa Kiflandria ambao ulikuwa umeingia mikononi mwa Ufaransa kwa mkataba wa Nijmegen wa mwaka 1678, miaka sita tu kabla ya kuzaliwa kwake, na ndiyo maana watu wa wakati wake waliendelea kumwita mchoraji wa Kiflandria. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Yapata mwaka 1702 kijana huyo alifika Paris bila fedha na bila mtu wa kumshika mkono, akapata kazi katika karakana moja kwenye daraja la Notre-Dame, mahali palipouzwa picha za bei nafuu kwa wachuuzi wa mikoani. Kazi katika karakana hiyo iligawanywa kama inavyogawanywa kiwandani, kwani mmoja alichora mawingu tu, mwingine vichwa, mwingine mavazi, na wa mwisho aliweka mwanga kwa rangi nyeupe, kisha picha ikahesabiwa kuwa imekamilika. Watteau alirudia sura ya Mtakatifu Nikolasi mara nyingi hata akaijua kwa moyo, na ujira wake, kwa maelezo ya rafiki yake Edme Gersaint, ulikuwa livre tatu kwa wiki pamoja na supu ya kila siku aliyopewa kwa hisani. Mwanzo huo haupaswi kusahaulika pale inapodaiwa kwamba mchoraji huyu alitokana na ulimwengu wa starehe.

Walimu wawili walimtoa katika kazi hiyo ya kunakili. Wa kwanza alikuwa Claude Gillot, aliyependa kuchora vichekesho vya waigizaji wa Kiitalia, ambao wahusika wao, kama Arlecchino mwenye vazi la viraka na Pierrot mwenye vazi jeupe pana, walijulikana na kila mtu jijini ingawa waigizaji wenyewe walikuwa wamefukuzwa na mfalme Louis XIV mwaka 1697 na hawakurudishwa hadi mwaka 1716. Kwa Gillot kijana huyo alijifunza kwamba vazi linaweza kumfanya mtu awe mwingine, na kwamba mkao wa mwili, jinsi bega linavyogeuka au mguu unavyotangulia, unaweza kueleza hisia bila neno kutamkwa. Wa pili alikuwa Claude Audran, fundi wa mapambo ya kuta na dari, aliyekuwa pia mtunzaji wa kasri la Luxembourg, na ndani ya kasri hilo zilitundikwa picha 24 ambazo Peter Paul Rubens alizichora katika miaka ya 1620 kumtukuza malkia Marie de' Medici. Mbele ya picha hizo Watteau aliona namna Mflandria mwenzake alivyoifanya ngozi ya binadamu ing'ae na hariri iteleze, na alipochoka kuzitazama alitoka kwenda kuchora miti ya bustani ya kasri, ambayo haikukatwa na kunyooshwa sana kama ilivyokuwa kwenye bustani nyingine za kifalme. Miti ile mirefu iliyoachwa ikue kwa hiari yake, yenye vivuli vizito na mwanya wa anga katikati, ndiyo iliyokuja kuwa dari ya karamu zake.

Ili kuuelewa ugumu uliomkabili baadaye, ni lazima kueleza kidogo utaratibu wa Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, chombo kilichoundwa mwaka 1648 na kilichosimamia heshima, mafunzo na kwa sehemu kubwa riziki ya wachoraji wa Ufaransa. Akademia ilizipanga picha kwa daraja, na mpangilio huo uliandikwa waziwazi na André Félibien mwaka 1667: juu kabisa zilikaa picha za historia, maana yake picha za Biblia, za hekaya za Wagiriki na Warumi na za matendo ya wafalme, kisha zikafuata sura za watu na mandhari, na chini kabisa matunda na vitu visivyo na uhai. Aliyetaka kuwa mwanachama alikubaliwa kwanza kwa muda, ndipo akatakiwa kutoa picha moja ya kupokelewa, ambayo mada yake kwa kawaida ilichaguliwa na wakubwa. Watteau, ambaye mwaka 1709 alishika nafasi ya pili tu katika mashindano ya kwenda kusoma Roma na hivyo hakwenda, alikubaliwa kwa muda mwaka 1712, na Akademia ikafanya jambo lisilo la kawaida kwa kumwachia achague mada mwenyewe. Akakaa nayo miaka mitano. Alikumbushwa, akaongezewa muda, akakumbushwa tena, na tarehe 28 Agosti 1717 akaleta turubai yenye upana wa karibu mita mbili. Karani aliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba picha hiyo inaonyesha safari ya hija kwenda kisiwa cha Cythera, kisha maneno hayo yakapigwa mstari na badala yake ikaandikwa kwamba ni karamu ya kiungwana.

Mstari huo wa wino umefasiriwa kwa njia nyingi. Wako wanaouona kuwa heshima kubwa, kwa kuwa Akademia ilikubali kwamba kimeletwa kitu kisichokuwa na daraja lake, na wako wanaouona kuwa njia ya upole ya kuizuia picha hiyo isihesabiwe miongoni mwa picha za historia, ingawa Cythera, kisiwa cha Ugiriki ambacho hekaya husema ndicho alichofikia Venus, mungu wa kike wa mapenzi, baada ya kuzaliwa baharini, ni mada ya kale kama zilivyo mada nyingine zilizokubaliwa. Tafsiri zote mbili zina ukweli ndani yake. Wakubwa wa Akademia walikuwa wataalamu na walijua kwamba mbele yao pana kazi ya hali ya juu, lakini vipimo vyao vilidai tukio, na ndani ya picha ile tukio lenyewe limefutika hata haijulikani kama watu wale wanaondoka au wanafika.

Picha hiyo, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, inastahili kutazamwa kwa ukaribu. Upande wa kulia, chini ya miti, imesimama nguzo yenye sanamu ya kichwa na kifua ya Venus, nayo imezungushiwa mashada ya waridi na kutundikiwa podo la mishale. Mbele ya sanamu amekaa mwanamke ameinamisha macho kwenye upepeo wake, huku mwanamume aliyepiga magoti kando yake akimnong'oneza, na mungu mtoto wa mapenzi, aliyekalia podo lake, anamvuta gauni kana kwamba anamhimiza akate shauri. Hatua chache kushoto, mwanamume amemshika mwanamke mikono yote miwili akimsaidia kuinuka kutoka kwenye nyasi. Hatua chache zaidi, juu ya kilima kidogo, jozi ya tatu imesimama tayari kuteremka, mwanamume akiwa na fimbo ya hujaji na mkono kiunoni mwa mwenzake, naye mwanamke amegeuza kichwa akitazama nyuma kwa wale waliobaki, na miguuni pao kuna mbwa mdogo. Baada yao ardhi inashuka ghafla, na chini kwenye ufuko watu wengine, baadhi yao wenye mavazi ya kijijini, wanasongamana wakicheka karibu na chombo chenye omo iliyonakshiwa dhahabu, wapiga makasia wawili wakingoja, huku vitoto vyenye mabawa vikipaa kwa mzunguko kuelekea mbali, ambako milima inayeyuka ndani ya ukungu wa buluu na waridi. Kutoka sanamu hadi chomboni jicho hufuata mstari mmoja unaopanda na kushuka kama wimbi, na kila mtu katika mstari huo yumo katika hali tofauti kidogo ya kusitasita na kukubali.

Fimbo, vibuyu na vikoti vifupi vya mabegani vimetoka katika desturi ya kweli ya mahujaji wa Kikatoliki, lakini wazo la kuhiji kwa Venus lilitoka jukwaani, kwa kuwa mwaka 1700 mwandishi Florent Dancourt alikuwa ameonyesha mjini Paris tamthilia yake iliyoitwa Les Trois Cousines, ambayo ndani yake vijana wanaalikwa kwenda kuhiji Cythera. Wapo wanahistoria wanaotia mkazo mkubwa kwenye chanzo hicho, na ni kweli kwamba mavazi mengi katika picha za Watteau ni ya kuigizia: kola za mtindo wa karne iliyotangulia na kofia za manyoya ambazo hakuna aliyezivaa mtaani mwaka 1717. Hata hivyo jukwaa lilimpa chombo na fimbo tu, na yale yanayopita kati ya mwanamke wa upepeo na mwanamume anayenong'ona hayakuandikwa katika tamthilia yoyote.

Jinsi alivyofanya kazi ndiyo sehemu inayofundisha zaidi. Bwana Caylus, mtu wa cheo aliyekuwa rafiki yake na aliyesoma maisha yake mbele ya Akademia mwaka 1748, alieleza kwamba Watteau alikuwa na desturi ya kuchora watu katika vitabu vilivyojalidiwa, na kwamba alitunza mavazi ya kiungwana na ya vichekesho ambayo aliwavisha marafiki wa kike na wa kiume waliokubali kukaa mbele yake. Hakuwapangia tendo la kuigiza, bali aliwachora kama walivyojiweka wenyewe. Alitumia chaki za rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, juu ya karatasi ya rangi hafifu, na kwa chaki hizo aliweza kuonyesha joto la shavu, uzito wa marinda yanayoshuka kutoka mabegani na wepesi wa mkono unaotaka kushika kitu lakini haujakishika. Alipotaka kutengeneza picha ya rangi alifungua vitabu hivyo, akachagua mtu mmoja kutoka ukurasa huu na mwingine kutoka ukurasa ule, akawaweka pamoja katika mandhari, na ndiyo maana mwanamke mmoja aliyempa mtazamaji kisogo anaweza kuonekana katika picha mbili au tatu tofauti. Watu wanaoonekana kuzungumza bustanini huenda hawakuwahi kukutana. Caylus, aliyeamini kwamba mchoraji mwema huanza kwa kupanga tukio lake, alilitaja jambo hilo kama kasoro, na hapo alikosea, kwa sababu upweke mdogo uliobaki kati ya watu waliokusanywa kwa namna hiyo ndio unaozipa picha za Watteau ukweli wake. Lawama yake nyingine ilikuwa ya haki: Watteau alikuwa na haraka, hakukisafisha kibao chake cha rangi ipasavyo na alimimina mafuta kupita kiasi, na picha zake kadhaa zimechakaa kwa sababu hiyo.

Jamii iliyozipokea picha hizo ilikuwa katika mageuzi. Karamu za nje zilikuwa na historia ndefu katika milki ya Ufaransa, na maarufu kupita zote ni ile ya Versailles ya mwaka 1664, iliyodumu siku kadhaa kwa michezo, dansi, tamthilia na fataki, lakini kila kitu ndani yake kilimzunguka mfalme, na mahali pa kila mgeni palitegemea cheo chake. Louis XIV alipofariki tarehe 1 Septemba 1715 na kumwachia kiti kitukuu wake wa miaka mitano, Philippe wa Orléans, mtoto wa ndugu yake marehemu, alishika utawala kwa niaba ya mtoto huyo na kuihamishia serikali Paris. Wakubwa walijenga au kukarabati nyumba zao za jijini, na mazungumzo ya vyumbani, ambamo mwanamke mwenye nyumba aliongoza na mtu alipimwa kwa adabu na akili yake kuliko nasaba yake, yakachukua nafasi ya sherehe za kifalme. Katika picha za Watteau hakuna mfalme wala kiti cha mbele, na mtu hawezi kuonyesha kwa kidole nani ni mtukufu na nani ni mwigizaji aliyeazima joho lake.

Mmoja wa wenyeji wa jamii hiyo mpya alikuwa tajiri Pierre Crozat, aliyempa Watteau makazi kwa muda katika nyumba yake ya barabara ya Richelieu na kumkaribisha katika shamba lake la Montmorency. Crozat alikuwa na mkusanyiko wa michoro inayokadiriwa kufikia 19,000, ikiwamo ya Waitalia wa Venice, na humo Watteau alinakili mandhari za Titian na wenzake, akajifunza namna ya kuunganisha mtu na mti na jioni kwa rangi moja ya dhahabu. Watu wa Paris walimwita Pierre kwa mzaha Crozat maskini, kwa kuwa kaka yake Antoine alikuwa na mali zaidi, na chanzo cha mali hiyo kinapaswa kutajwa, ingawa vitabu vingi vya sanaa hukipita: Antoine Crozat alishika ukiritimba wa biashara ya Louisiana kuanzia mwaka 1712, na alikuwa miongoni mwa wakubwa wa kampuni ya Kifaransa iliyosafirisha Waafrika kuwauza utumwani katika makoloni ya Hispania huko Amerika. Uzuri wa picha haupungui kwa kulijua jambo hilo, lakini ulimwengu ulioweza kuzinunua haueleweki bila kulijua.

Kifua kikuu kilimwandama Watteau kwa miaka mingi. Mwaka 1719 alikwenda London, akachora huko na kumwona tabibu mashuhuri Richard Mead, lakini moshi wa jiji lile na baridi yake havikumsaidia, na aliporudi Paris mwaka 1720 alimchorea Gersaint bango la duka lake la picha, kazi aliyoimaliza, kwa maelezo ya Gersaint mwenyewe, katika asubuhi nane. Alifariki tarehe 18 Julai 1721 huko Nogent-sur-Marne, akiwa na umri wa miaka 36. Jina lake lingeweza kufifia kama si Jean de Jullienne, mwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa, aliyegharimia kuchapishwa kwa kazi zake kwa bamba za shaba, kwanza michoro kuanzia mwaka 1726 na kisha picha za rangi katika juzuu zilizokamilika mwaka 1735, na miongoni mwa mafundi waliochonga bamba hizo alikuwamo kijana François Boucher, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mkuu wa mfalme. Kwa kuchapwa huko karamu za kiungwana zilienea katika vyungu vya kaure, mazulia ya ukutani na vibweta vya ugoro Ulaya nzima.

Wafuasi wake wa karibu, Nicolas Lancret, aliyepokelewa na Akademia mwaka 1719, na Jean-Baptiste Pater, mzaliwa mwenzake wa Valenciennes aliyepokelewa mwaka 1728, walikuwa mafundi wazuri, na mfalme Frederick II wa Prussia alizinunua kazi zao kwa wingi, lakini mikononi mwao karamu iligeuka kuwa karamu kweli: watu wanakula, wanabembea, wanacheka, na kilichokuwa fumbo kwa Watteau kikawa burudani inayoeleweka mara moja. Jean-Honoré Fragonard, aliyechora mwaka 1767 picha yake mashuhuri ya mwanamke anayebembea huku kiatu kikiruka hewani, ndiye pekee aliyerudisha kitu cha kuhuzunisha katika bustani, hasa katika picha yake kubwa ya sherehe ya Saint-Cloud, ambamo binadamu ni wadogo sana chini ya miti inayowafunika kama mawingu ya mvua. Wakati huo ladha ilikuwa imeshageuka. Picha kubwa alizomchorea Madame du Barry, kimada wa mfalme, kwa ajili ya jumba lake la Louveciennes, zilizokamilika mwaka 1773, zilirudishwa, na mahali pake zikawekwa za mchoraji aliyefuata mtindo wa Wagiriki wa kale.

Kizazi cha mchoraji Jacques-Louis David, kilichotaka sanaa ifundishe ushujaa na wajibu wa raia, kiliidharau rokoko kwa uchungu, na inasimuliwa kwamba wanafunzi wa kuchora, ambao darasani mwao ilitundikwa ile hija ya Cythera, waliifanya shabaha ya kurushia vidonge vya mkate. Ufufuo ulikuja polepole katika karne ya 19, kwa juhudi za wakusanyaji binafsi kama daktari Louis La Caze, aliyeiachia Louvre mkusanyiko wake mwaka 1869, ikiwamo picha kubwa ya Watteau ya Pierrot, na kwa maandishi ya ndugu wawili Edmond na Jules de Goncourt, waliomrudishia Watteau cheo cha mshairi wa rangi.

Tangu hapo mjadala haujafungwa. Mchongaji Auguste Rodin aliziona zile jozi tatu kuwa jozi moja ileile inayofuatwa kwa hatua, kutoka kubembelezwa hadi kukubali, akaisoma picha kama tamthilia ya safari inayoanza. Mwaka 1961 mwanahistoria wa sanaa Mwingereza Michael Levey alitoa hoja kinyume, kwamba mahujaji wamekwisha kufika, kwa kuwa sanamu ya mungu wao iko hapo hapo na wamekwisha kuiwekea waridi, na kwamba wanachokifanya ni kuondoka kurudi makwao siku ikiisha. Jina la kupanda chombo kwenda Cythera, ambalo limewazoesha watu tafsiri ya kwanza, lilienezwa na chapa ya shaba ya Nicolas-Henri Tardieu ya mwaka 1733, iliyonakili toleo la pili la picha hiyo, lile lililokuwa mali ya Jullienne na ambalo sasa liko katika kasri la Charlottenburg mjini Berlin. Hoja ya Levey ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi ndani ya turubai yenyewe, kuanzia waridi hadi shingo ya mwanamke wa kilimani, aliyegeuka kutazama mahali anapotoka, ingawa vitoto vyenye mabawa, ambavyo vingetarajiwa kubaki kisiwani pamoja na Venus, ndivyo vinavyotangulia kuelekea baharini, na Levey hakuvipatia maelezo ya kutosha.